Kusine gani za palie na za biele kwa 1JZ-GTE yenye turbo? Sitaki kufungua moteri hii mara ya tatu

Kamalondo_JZX (Lubumbashi)

Jambo bandugu,

Nina Toyota Chaser JZX100, moteri 1JZ-GTE, silinda 6, turbo moja. Kwa asiyejua maneno yetu: vilebrekeni ni ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya moteri, palie ni mahali unapokaa kwenye bloki, biele ni mikono inayouunganisha na pistoni, na kusine ni zile nusu-duara nyembamba ambamo unazunguka. Wiki tatu zilizopita nilikuwa ninarudi kutoka Likasi, biele ya 5 ikaanza kugonga. Nilizima palepale, gari likavutwa kwa kamba mpaka nyumbani. Tulipofungua karteri (sanduku la mafuta chini ya moteri), mafuta yalikuwa na unga unaong'aa, ukiuweka kwenye kidole unaona kama rangi ya gari jipya.

Kinachoniuma ni kwamba moteri hii ilifunguliwa mwaka jana katika garaji moja hapa mjini. Wakaweka kusine mpya, wakafunga, wakaniambia niende kwa amani. Haikumaliza kilomita 9,000. Safari hii nataka kuelewa kila kipande mwenyewe kabla hakijaingia.

Ninachotaka: turbo kwenye bar 1.2, moteri ipande mpaka mizunguko 7,000 bila mimi kushika roho. Ni gari la kila siku, kazini Kampemba, na karibu kila mwezi Kolwezi kwa mama.

Hali ya vilebrekeni: palie zote 7 safi, ukipitisha kucha haikwami. Biele 1, 2, 3, 4 na 6 zina mikwaruzo midogo. Ya 5 imechimbika, na pembeni imekuwa bluu. Mkono wenyewe wa biele ya 5 pia una bluu. Mtu wa turneri (fundi msagaji) ananiambia: lete nisage zote kote ya kwanza, yaani kupunguza milimita 0.25, kisha utafute kusine.

Kuhusu kusine nimepata maneno matatu. Mmoja anasema za Toyota tu. Mwingine anasema ACL Race. Wa tatu anasema King. Akiba yangu inatosha seti moja ya palie na seti moja ya biele. Nikikosea, gari linalala mpaka mwaka ujao. Bimetali au trimetali? Uwazi wa mafuta, yaani nafasi kati ya kusine na vilebrekeni, uwe ngapi?

---

Turbo_Ruashi

Ndugu, usijisumbue. Weka za Toyota, nafasi iwe ndogo kabisa ili isigonge, kisha mimina 20W-50. Mafuta mazito yanalinda moteri ya turbo.

---

Atelie_Likasi

Kijana wa Kamalondo, pole. Ulizima palepale, na ndiyo maana bado una vilebrekeni ya kuizungumzia. Wengi wanasema "nifike tu nyumbani", na mkono wa biele unatokea ubavuni mwa bloki.

Nimesaga vilebrekeni miaka 31. Nyingi zilikuwa za malori na kompresa za migodini, miaka ya mwisho zikaja za magari madogo kama lako. Neno langu la kwanza ni hili: usimpelekee mtu wa turneri kitu chochote wiki hii. Kusine kwanza, jiwe baadaye.

"Kote ya kwanza" ni jina tu, usilichukue kama kipimo. Nimepima kusine za 0.25 za viwanda viwili tofauti, kwa moteri moja, nikakuta unene hauko sawa. Na tundu la mkono wako wa biele nalo lina ukubwa wake, hasa kama limeshawahi kupata joto. Ukisaga kwanza, uwazi wa mafuta utakuwa ule utakaojitokeza wenyewe, na wewe utafunga na kuomba. Ukianza na kusine unafanya hivi: unazipanga ndani ya biele, unakaza bulo (bolti) kwa nguvu ileile ya mwisho, unapima tundu kwa alezometri (chombo cha kupimia matundu), unatoa uwazi unaoutaka. Namba inayobaki ndiyo unayoiandika kwenye karatasi na kumpa msagaji. Yeye asage kufuata karatasi yako. Kazi hii haichukui hata siku moja, na ndiyo inayotenganisha moteri ya kilomita 9,000 na ile ya miaka kumi.

Pima wima, yaani mahali palipo robo ya duara kutoka kwenye kiungo cha nusu mbili. Ukipima karibu na kiungo utaona uwazi mkubwa na utadanganyika. Kusine nzuri hutengenezwa nene katikati na nyembamba kidogo kwenye ncha, kwa sababu mkono wa biele unapovutwa kwa nguvu, tundu hurefuka na mbavu zake huja ndani. Bila huo wembamba, ncha zingekwangua mafuta.

Uwazi ngapi? Kanuni ya wazee ni sehemu moja kwa elfu ya kipenyo. Palie za 1JZ zina milimita 62, biele 52. Basi 0.062 na 0.052. Kwa gari la kila siku mimi hushuka kidogo: palie kati ya 0.050 na 0.055, biele kati ya 0.045 na 0.050. Ukienda chini sana, kumbuka kwamba vilebrekeni si jiwe. Kwa turbo ya bar 1.2 inapinda kidogo kila silinda inapowaka, na ule utando wa mafuta unaoibeba unakatika. Ukizidi 0.070, mafuta yanatoroka pembeni, presioni ya relanti (moteri ikinguruma polepole bila gesi) inaanguka, na biele za mwisho wa mstari zinabaki na kiu.

Ndugu wa Ruashi, nakuheshimu, lakini nafasi ndogo na mafuta mazito havikai nyumba moja. Nafasi ndogo inataka mafuta mepesi ili yapite. Asubuhi ya Juni hapa Katanga unajua baridi yake, 20W-50 inajivuta kama asali, na chuma kinazunguka kikavu wakati mafuta yako njiani.

Sasa bimetali na trimetali. Bimetali ni mgongo wa chuma uliofunikwa aluminiamu iliyochanganywa na bati na silikoni. Za kiwandani za magari ya Japani nyingi ni hizo. Zinadumu sana katika moteri iliyonyooka na isiyosumbuliwa. Trimetali ina mgongo wa chuma, juu yake shaba na risasi, halafu utando wa nikeli, halafu ngozi laini ya juu ambayo ni nyembamba kuliko unywele. Ile shaba inabeba kipigo kizito, na ile ngozi inasamehe: vilebrekeni ikigusa kidogo, ngozi inajitoa yenyewe badala ya kushika. Kasoro yake ni hiyohiyo, ngozi ikiisha imeisha. ACL Race, King XP na Clevite za mashindano zote ni trimetali. Kwa bar 1.2 mimi ningeweka trimetali kwenye biele bila kubishana. Jina kati ya hayo matatu halininyimi usingizi. Kinachoninyima ni kama boksi lina kitu ambacho nje limeandikwa.

Kabla hujanunua, niambie kuhusu kusine za zamani. Usizitupe. Zipange mezani kwa namba, za juu juu, za chini chini, kisha uandike unachokiona.

---

Kamalondo_JZX

Aksanti sana, papa. Nimezipanga usiku huu kwenye meza ya jikoni.

Za palie: nusu za chini zina alama ya kijivu katikati, sawasawa zote 7. Za juu ziko kama mpya.

Za biele: nusu za juu za 1, 2, 3, 4 na 6 zimeonyesha shaba katikati, rangi ya senti mpya. Za chini bado kijivu. Ya 5 imeyeyuka, siwezi kusoma kitu. Halafu jambo lililonishtua: mgongoni, namba 1, 2, 4 na 6 zina chapa. Namba 3 na 5 hazina chapa yoyote. Boksi lilikuwa moja. Nimeazima palmeri (chombo cha kupimia unene) yenye kichwa cha mviringo kwa jirani, ya 3 ni nyembamba kuliko zenzake kwa santiemi 2, yaani milimita 0.02.

---

Atelie_Likasi

Hapo meza imesema yenyewe.

Palie zako zimechakaa chini, sawa, ndiko zinakobeba. Zote 7 kufanana maana yake mstari wa bloki umenyooka. Furahi kwa hilo.

Biele hubeba kipigo cha moto kwenye nusu ya juu. Shaba kuonekana pale kwa zote 5 zinazosomeka, katika kilomita 9,000, kunaniambia kwamba moteri ilikuwa ikipigwa nyundo: esansi dhaifu, au moto unawaka mapema, au vyote viwili. Hakuna kusine utakayonunua itakayovumilia hilo. Kabla ya kupandisha turbo mpaka 1.2, mtu mwenye kompyuta arudishe nyuma muda wa kuwaka, na usijaze esansi ya chupa za barabarani.

Na kuhusu ya 5, uliuziwa boksi lililochanganywa. Mtu alikosa mbili akajazia. Santiemi 2 kila nusu ni santiemi 4 kwenye uwazi. Kama ya 5 ilikuwa kama ya 3, ilikimbia na uwazi karibu mara mbili ya unaotakiwa, na pengine haikubanwa vizuri ndani ya tundu lake. Watu wanadhani ule ulimi mdogo ndio unaozuia kusine isizunguke. Ulimi ni wa kukuonyesha mahali pa kuikalisha tu. Kinachoishika ni kwamba kila nusu inazidi kidogo urefu wa nyumba yake, ukikaza bulo inajibana pande zote. Kusine isiyobana itazunguka, na ikizunguka inaziba tundu la mafuta.

Kwa hiyo: mkono wa 5 utupe, tafuta mwingine wa 1JZ, upimwe uzito ulingane na wenzake. Vilebrekeni ipimwe nyufa kwa sumaku kabla hujalipa hata franka moja ya kusaga. Ikiwa na ufa kwenye ile bluu, tunazungumza habari nyingine.

---

Goma_Mazutu

Jambo wakubwa. Mimi niko Goma, kazi yangu ni Land Cruiser za 1HZ (moteri ya mazutu), watu wanazifunga turbo ambayo kiwanda hakikuziwekea, kisha wanashangaa. Esansi yenu siijui, ila uchafu ninaujua. Hapa tunaishi juu ya lava, vumbi la mawe meusi linaingia kila mahali, ni gumu kama kioo kilichosagwa.

Ninaongeza jambo moja ambalo sijaona mtu akilitaja. Kaka wa Kamalondo, ule unga unaong'aa haukukaa ndani ya karteri tu. Uko kwenye radiateri ya mafuta, uko kwenye bomba la turbo, uko kwenye njia ndani ya vilebrekeni. Vilebrekeni na bloki unaweza kuzisukua kwa brashi ndefu na mafuta ya taa mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Radiateri ya mafuta huwezi. Mwaka juzi nilimfungia mteja moteri safi kabisa, nikamrudishia radiateri yake ya zamani baada ya kuipuliza kwa kompresa. Siku 11. Kusine zote zilikuwa na vipele vya chuma vilivyozama ndani. Niliilipa moteri ile mimi, na tangu hapo radiateri ya moteri iliyogonga haivuki mlango wangu.

Kwa hiyo ukipanga bajeti, weka radiateri mpya na filtri nzuri kabla ya kuongeza pesa kwenye jina la kusine. Na kwa sababu hiyohiyo mimi pia naunga mkono trimetali: ngozi yake laini inaumeza mchanga mdogo ukazama. Aluminiamu ngumu inauacha juu, nao unakwangua vilebrekeni.

---

Fundi_Mbeya

Shikamoo mzee wa Likasi. Habari zenu wote. Huku kwetu tunasema bearing za meni (palie zenu) na za konrodi (biele zenu), lakini nimewafuata vizuri. Na mimi nina 1JZ-GTE mezani, ndiyo maana nimekesha hapa.

Swali: nimenunua stadi za ARP kwa ajili ya kofia za meni badala ya bolti za kiwandani. Nizifunge tu?

---

Atelie_Likasi

Marahaba, mwanangu. Usizifunge tu. Stadi hizo zinabana kwa nguvu tofauti na bolti za kiwandani, na kofia ikibanwa tofauti, tundu linabadilika umbo. Funga kofia zote na stadi bila kusine, kaza mpaka mwisho, pima matundu yote 7. Yakitoka kwenye duara, mstari inabidi upitishwe mashine. Kama hakuna mashine ya mstari karibu nawe, rudi kwenye bolti za kiwandani, mpya. Kwa bar 1.2 zinatosha.

Na wote wawili: vyuma na vyombo vya kupimia vilale chumba kimoja usiku mzima. Chuma cha milimita 62 kikipata nyuzi 20 zaidi kinanenepa zaidi ya santiemi moja. Vilebrekeni iliyotoka juani mwezi wa Oktoba itakupa namba ya uongo, na utaiamini kwa sababu palmeri ni nzuri.

---

Kamalondo_JZX

Bandugu, nimerudi baada ya siku 19.

Vilebrekeni imepimwa kwa sumaku, haina ufa. Mkono wa 5 nimepata. Radiateri ya mafuta mpya nimeagiza, aksanti sana kaka wa Goma, nilikuwa tayari nimeiosha ile ya zamani. Kusine nimechukua ACL Race: palie saizi ya kawaida, biele 0.25. Nimepima kila nusu unene, chapa zote zipo mgongoni, tofauti haifiki nusu santiemi.

Alezometri ya rafiki, vyote vililala chumbani kwangu. Matundu ya biele na kusine zikiwa zimekazwa:

1: 51.793
2: 51.795
3: 51.792
4: 51.796
5: 51.790
6: 51.794

Palie: vilebrekeni 61.990 kila mahali, sikuona uviringo mbaya. Tundu na kusine 62.030. Uwazi basi ni 0.040, chini ya unavyotaka, papa. Sitaki kusaga palie nzima kwa ajili ya santiemi moja. Nifanye nini?

---

Atelie_Likasi

Umepima kama mtu. Biele zako zinatofautiana chini ya santiemi moja, huna haja ya namba sita. Mwandikie msagaji namba moja: 51.745. Utapata ndogo kabisa 0.045 kwenye ya 5, kubwa kabisa 0.051 kwenye ya 4. Hiyo nafunga na kulala. Andika pia kwa herufi kubwa: PEMBE ISIGUSWE. Pale biele inapokutana na ukuta wake kuna mviringo mdogo. Jiwe lenye kona kali likiula, vilebrekeni itakatikia hapohapo siku moja ukiwa mbali.

Palie usizisage, umesema vyema. Hizi za mashindano hutengenezwa pia zenye herufi HX. HX inaongeza uwazi kwa 0.025. Ukiweka HX kamili utafika 0.065, ni nyingi mno kwa gari la kazini. Lakini ukiweka nusu moja HX na nusu moja ya kawaida, inaongezeka nusu yake: 0.052. Ni kazi ya halali, tumeifanya miaka yote, mradi ziwe za kiwanda kimoja na mfululizo mmoja, na HX ikae upande uleule kwenye palie zote 7. Ukiweka tatu juu na nne chini, umepinda mstari kwa mkono wako.

Shida ni kwamba nusu hazinunuliki pekee. Utalazimika kununua seti ya pili nzima.

---

Fundi_Mbeya

Mzee, subiri kidogo. Nimerudi kwenye bolti za kiwandani kama ulivyosema, nimepima: 0.038 hadi 0.041. Mimi nami niko na ACL ya kawaida. Nina shida ileile ya Kamalondo.

Nikinunua seti moja ya HX hapa, mimi nachukua nusu za juu zenye mfereji, yeye nampelekea nusu za chini zisizo na mfereji, halafu yeye ananitumia...

Hapana. Nimefikiria vizuri. Hana haja ya kunitumia chochote. Kila mmoja tayari ana seti yake ya kawaida, kwa hiyo seti moja ya HX inatutosha wawili. Tunagawana bei.

---

Atelie_Likasi

Ndivyo. Wewe juu HX, chini kawaida. Yeye juu kawaida, chini HX. Hakikisha tu hakuna anayeweka nusu yenye mfereji chini. Chini ndiko palie inakoegemea, mfereji pale unakata uwanja wa mafuta. Na wewe usiifuate 0.052 yangu kwa macho: ukishazifunga, pima tena.

---

Kamalondo_JZX

Kaka wa Mbeya, Mungu akubariki. Binamu yangu anaendesha lori, anapita Tunduma kila baada ya wiki mbili kuja Kasumbalesa. Nitakuandikia faraghani siku atakayopita. Kila nusu uifunge peke yake kwenye karatasi yenye mafuta, na namba uandike juu ya karatasi, usikwaruze mgongo wa kusine.

Jumanne napeleka vilebrekeni kwa msagaji. Nimebandika karatasi ndani ya sanduku: 51.745, PEMBE ISIGUSWE. Nitakaa palepale akisaga, na palmeri mfukoni.

---

Atelie_Likasi

Mfukoni hapana, itapata joto la mwili. Iache mezani karibu na vilebrekeni.